Zoezi, Etudi na Somo: Istilahi Moja ya Muziki na Nafasi Yake katika Uhakiki wa Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili mna hukumu moja fupi ambayo hutolewa mara nyingi na kuhojiwa mara chache. Mhakiki akisha kuhesabu mizani na kuiona imetimia, akakagua vina na kuviona vimelingana, kisha akakosa jambo la kumsisimua, huandika kuwa utungo alio nao ni "zoezi tu la arudhi". Neno "tu" ndilo linalobeba uzito wa hukumu hiyo. Linachukulia kwamba zoezi ni kitu kimoja na sanaa ni kitu kingine, na kwamba aliye katika zoezi bado hajabisha hodi kwenye mlango wa sanaa.

Mwandishi wa makala haya naye ametoa hukumu hiyo. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alimletea pindu la beti kumi na mbili kuhusu deni la familia. Kila ubeti ulianza kwa maneno yaliyofunga ubeti uliotangulia, na hakuna mshororo uliopungukiwa na mizani. Tuliandika pambizoni: "Zoezi zuri. Sasa andika shairi." Mwanafunzi huyo hakuleta utungo mwingine. Ilitupasa kupita muda mrefu, na kuyafikiria masuala ya muziki yatakayojadiliwa hapa, ndipo tukang'amua kwamba tulilolisoma lilikuwa shairi tayari, na kwamba kosa lilikuwa katika istilahi yetu.

Makala haya yanachunguza maana na asili ya istilahi ambayo wanamuziki wa Ulaya huitumia kwa vipande vya kujifunzia, yaani étude kwa Kifaransa, ambayo hapa tutaiandika etudi. Tunanuia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba mzizi wa neno hili haukuhusu kurudiarudia bali shauku. Pili, kwamba historia ya utanzu huu inakanusha dai kuwa zoezi na sanaa havikai chungu kimoja. Tatu, kwamba ushairi wa Kiswahili umekuwa na etudi zake kwa muda mrefu, ila umekosa jina la kuziita.

Asili ya Istilahi

Neno étude limetokana na Kifaransa cha kale, nacho kililichota kutoka neno la Kilatini studium. Mlatini aliposema studium hakumaanisha kwanza kitabu wala darasa. Alimaanisha ari, bidii, shauku ya moyo kuelekea kitu fulani. Maana ya usomi ilikuja baadaye, kwa kuwa msomi ni mtu anayeelekeza shauku yake kwenye elimu. Kwa hiyo, ndani ya etudi mna mtu anayetamani kabla hamjawa na mtu anayerudia.

Tulinganishe na maneno ya lugha nyingine yaliyotumika kwa vipande vya aina hiyo. Wajerumani walitumia Übung, linalotokana na kitenzi cha kufanya mazoezi. Johann Kuhnau alilitumia katika vitabu vyake vya 1689 na 1692, na J. S. Bach akalichukua kuwa jina la mkusanyiko wake wa Clavier-Übung, uliotoka katika sehemu nne kati ya 1731 na 1741. Sehemu ya nne ndiyo yenye kazi inayojulikana leo kwa jina la Goldberg. Waitaliano walisema essercizi, na Domenico Scarlatti alilitumia neno hilo kwa sonata 30 zilizochapishwa London mwaka 1738. Katika dibaji yake alimwomba msomaji asitazamie elimu nzito humo, bali mchezo wa werevu pamoja na sanaa. Bach naye, katika majalada yake, alisema ameandika ili kuziburudisha nafsi za wapenzi wa muziki. Ni dhahiri kwamba kwa watunzi hawa wa karne ya 18, kuiita kazi "zoezi" hakukuishusha hadhi. Mgawanyo kati ya kinachofunza na kinachoburudisha ulikuwa bado haujachorwa.

Ama neno letu la Kiswahili, zoezi, lina nasaba yake. Linatokana na kitenzi zoea kwa kupitia kauli ya kusababisha, zoeza. Zoezi ni kile kinachomfanya mtu azoee. Wazo lake kuu ni mazoea: jambo lililokuwa gumu linarudiwa hadi ugumu wake unasahaulika. Hapana ubaya katika wazo hilo. Mpiga zumari hujizoeza pumzi, mwanariadha hujizoeza miguu. Lakini mazoea na shauku ni mambo mawili tofauti. Anayezoea hukoma kukiona kitu, ilhali mwenye shauku hukikazia macho. Tunapoitafsiri étude kuwa zoezi tunabeba nusu moja ya maana na kuiacha nusu nyingine upande wa pili wa mto.

Mtu anaweza kuuliza kuhusu wachoraji, ambao pia hutumia neno hili. Kwa mchoraji, kazi ya aina hii kwa kawaida ni ya matayarisho: mkono unachorwa peke yake, au mkunjo wa nguo, ili baadaye uingie katika picha kubwa. Etudi ya mchoraji hutangulia kazi. Katika muziki mambo yaligeuka. Etudi haikuwa tena njia ya kuelekea kazi nyingine, bali ikawa kazi yenyewe. Namna mageuzi hayo yalivyotokea ndiyo inayotuhusu katika sehemu ifuatayo.

Kutoka Chumba cha Mazoezi hadi Jukwaani

Mwanzoni mwa karne ya 19 piano ilikuwa imeenea katika nyumba za watu wa tabaka la kati barani Ulaya. Chuo cha muziki cha Paris kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1795. Wanafunzi waliongezeka, na kwa kuwa hawakuwa wote na mwalimu wa kukaa nao kila siku, vitabu vya kujifunzia vikawa bidhaa yenye soko. Muzio Clementi, aliyekuwa mtunzi na pia mtengenezaji wa piano huko London, alitoa vipande 100 vya Gradus ad Parnassum kati ya 1817 na 1826. Kabla yake Johann Baptist Cramer alikuwa ametoa vipande 84 katika vitabu viwili, cha 1804 na cha 1810. Carl Czerny, mwanafunzi wa Beethoven, aliandika mikusanyiko mingi ya vipande vya kukuza wepesi wa vidole, na jina lake likawa sawa na kazi ya kila siku ya mwanafunzi wa piano.

Enzi hiyo ilikuwa na imani kubwa katika ufundi wa mashine. Mwaka 1814 Johann Bernhard Logier alipata hataza ya kifaa cha kushikilia mikono ya mwanafunzi juu ya piano ili isitoke mahali pake. Robert Schumann, kijana aliyetamani kuwa mpigaji mashuhuri, aliharibikiwa mkono wa kulia mwanzoni mwa miaka ya 1830. Chanzo cha madhara hayo kinabishaniwa, lakini kifaa cha kujizoezea vidole ni miongoni mwa vilivyotajwa. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu kinatuonya kwamba zoezi likitengwa kabisa na muziki huweza kuila hata mikono ya anayelifanya. Kilele cha utengano huo ni kitabu cha Charles-Louis Hanon cha 1873, chenye mazoezi 60 ambamo vidole hupanda na kushuka bila wimbo wowote wa kukumbukwa. Hilo ni zoezi kwa maana kamili ya neno letu. Hatulidharau. Tunasema tu kwamba si etudi.

Tofauti inaonekana tukimtazama Frédéric Chopin. Alianza kutunga etudi zake mwaka 1829, akiwa hajatimiza miaka ishirini. Kumi na mbili za kwanza, opus 10, zilichapishwa mwaka 1833 na kutunukiwa Franz Liszt. Nyingine kumi na mbili, opus 25, zilitoka mwaka 1837. Kila moja imejengwa juu ya tatizo moja la mkono. Katika ya pili ya opus 10, kidole cha kati, cha pete na cha mwisho vya mkono wa kulia, ambavyo ni vidole dhaifu, hukimbia katika ngazi ya nusutoni kutoka mwanzo hadi mwisho, huku gumba na kidole cha shahada vikigusa vipande vya kusindikiza. Katika ya tano, karibu sauti zote za mkono wa kulia huangukia vibao vyeusi. Katika ya sita ya opus 25, mkono wa kulia hubeba sauti mbilimbili zilizoachana kwa hatua tatu.

Lakini inayotufunza zaidi ni ya tatu ya opus 10, kwa kuwa ni ya polepole. Wasikilizaji wengi hawadhani kuwa ni etudi hata kidogo. Tatizo lake halimo katika mwendo. Ni kuufanya mkono mmoja uimbe kwa vidole vyake dhaifu, huku vidole vyenye nguvu vya mkono huohuo vikijizuia visiufunike wimbo. Ugumu hapa ni wa kujizuia. Na kwa kuwa kujizuia ndiko kunakoipa sauti yake huzuni, haiwezekani kusema pale panapoishia zoezi na pale panapoanza hisia. Mpigaji anayelitatua tatizo la mkono amekwisha kuipata maana, na aliyelikwepa ameikosa maana pia.

Hapa ndipo tunapoweza kutoa fasili. Etudi ni utungo wenye sifa tatu. Kwanza, umejengwa juu ya tatizo moja la ufundi. Pili, tatizo hilo halipumziki. Linaendelezwa tangu mwanzo hadi mwisho. Tatu, kulitatua tatizo hilo ndiko kuipata maana ya utungo. Zoezi la Hanon lina sifa mbili za kwanza. Vipande vya Czerny aghalabu husimama kizingitini. Etudi ya Chopin ina zote tatu.

Wahakiki wa wakati huo hawakuelewa wote. Ludwig Rellstab wa Berlin aliandika kwa kejeli kwamba aliyepinda vidole anaweza kuvinyosha kwa etudi hizo, lakini asiyepinda asizipige bila daktari wa upasuaji kuwa karibu. Yeye aliuona ugumu peke yake. Kosa lake halikuwa uziwi. Lilikuwa la jina. Alifikiri anahukumu zoezi.

Ushahidi wa Liszt una nguvu zaidi, kwa sababu ndani yake utungo mmoja unaonekana ukisafiri. Mwaka 1826, akiwa kijana mdogo, Liszt aliandika mkusanyiko wa mazoezi unaofanana sana na kazi ya mwalimu wake Czerny. Kufikia 1837 alikuwa amevirudia vipande hivyo na kuvijaza ugumu ambao wapigaji wachache waliuweza. Kisha akavirudia mara ya tatu, na mwaka 1852 vikachapishwa kwa jina linalotumika hadi leo, Études d'exécution transcendante, vikitunukiwa Czerny huyohuyo. Vingi vikapewa majina ya kishairi, kimoja kikiwa Mazeppa. Jambo la kuzingatia ni kwamba toleo la mwisho, katika sehemu nyingi, limepunguza ugumu wa toleo la pili. Kilichoongezeka si mzigo wa vidole bali uwazi. Mwenye kudai kwamba zoezi haliwezi kuwa sanaa itampasa atuonyeshe ni mwaka gani, kati ya 1826 na 1852, vipande hivi viliacha kuwa kimoja na kuwa kingine.

Karne iliyofuata iliendeleza mjadala huo. Claude Debussy, akiwa mgonjwa na nchi yake ikiwa vitani, alitunga etudi 12 mwaka 1915 kwa kumbukumbu ya Chopin. Ya kwanza inamtaja Czerny na kumtania: vidole vitano vinaanza kupanda na kushuka kama vya mtoto, kisha sauti isiyotakiwa inaingia na kuvuruga utaratibu. Zaidi ya hayo, Debussy alikataa kuandika namba za vidole. Alieleza katika dibaji kwamba mikono haifanani, na kila mpigaji hana budi ajitafutie vidole vyake. Huko ni kufundisha kwa kumwachia mwanafunzi sehemu ya kazi. György Ligeti, ambaye alitunga etudi zake 18 kati ya 1985 na 2001, alikiri kwamba alianza kuzitunga kwa sababu ya upungufu wake mwenyewe katika upigaji. Etudi ilizaliwa na mtu aliyetamani asichokiweza. Maana ya kale ya studium haikuwa imekufa.

Etudi katika Ushairi wa Kiswahili

Tukizirejelea sifa zetu tatu, ni rahisi kuona kwamba bahari kadhaa za ushairi wa Kiswahili zimejengwa juu ya tatizo moja linaloendelezwa. Katika pindu, ambalo pia huitwa mkufu, mshairi huuanza ubeti kwa maneno yaliyoufunga ubeti uliotangulia. Katika kikwamba, neno au maneno yaleyale hurudi mwanzoni mwa kila mshororo. Katika zivindo, neno moja hugeuzwageuzwa ili maana zake zote zitoke nje: kaa la moto, kaa wa pwani, kaa kwa maana ya kuketi. Kila bahari humwambia mshairi: hapa pana tatizo, usilikimbie hadi utakapomaliza.

Swali ni kama sifa ya tatu ipo. Jibu letu ni kwamba ipo katika tungo nyingine na haipo katika nyingine, na kwamba kulipambanua hilo ndiyo kazi ya mhakiki. Tutoe mfano. Pindu la mwanafunzi tuliyemtaja si letu la kuchapisha, kwa hiyo tumetunga ubeti mmoja na mwanzo wa unaoufuata kwa ajili ya hoja hii, bila kudai ubora wowote:

Nalikopa kwa jirani, jirani nikamlipa,
Fedha zile za dukani, nazo pia nilikopa,
Mwenye duka yu njiani, aja huku akiapa,
Deni limo mkononi, pa kuliweka si hapa.

Pa kuliweka si hapa, nalipeleka kwa nani?

Maneno ya kufungia ubeti yamevuka na kuufungua unaofuata. Aidha, kina kilichokuwa cha mwisho sasa ni cha kati, na kilichokuwa cha kati kimekwenda mwisho. Hiyo ni kanuni ya umbo. Lakini deni nalo lina tabia hiyohiyo: halilipwi, linahamishwa. Anayelisoma pindu hili anauona mzigo ukitoka mlango mmoja na kuingia mwingine kabla hajaambiwa chochote kuhusu umaskini. Umbo halikuyapamba maudhui. Umbo ndilo lililoyatamka. Pindu hilohilo likitumika kumpongeza mgeni wa heshima siku ya wazazi, pasipo na kitu chochote kinachohamishwa, hapo hakika tuna zoezi, na mhakiki atakuwa na haki ya kusema hivyo.

Hili linatupa njia ya kuurejelea mgogoro wa miaka ya 1970 kati ya waliotetea arudhi na waliotetea ushairi huru. Upande mmoja ulisema vina na mizani ni uti wa mgongo wa ushairi. Upande wa pili ulisema ni pingu. Tunadai kwamba pande zote mbili zilikutana katika kosa moja: ziliichukulia arudhi kuwa kitu kilicho nje ya maana, ama cha kuhifadhiwa ama cha kutupwa. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973) iliandikwa gerezani na mshairi aliyezishika kanuni za jadi kwa uangalifu mkubwa. Hakuna mhakiki makini anayethubutu kuiita diwani hiyo zoezi la arudhi. Wala haitoshi kusema kwamba ni nzuri licha ya arudhi. Mtu aliyefungiwa ndani ya kuta, akichagua mwenyewe mipaka ya mizani yake, anafanya jambo ambalo ushairi usio na mipaka usingeweza kulifanya kwa namna hiyohiyo.

Mapokeo yetu ya uchapishaji nayo yanaunga mkono hoja hii. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa mwaka 1954 kitabu ambacho jina lake linataja mambo mawili kwa pamoja: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Sheria na diwani zimefungwa katika jalada moja. Baadaye Mulokozi na Kahigi, wenye msimamo tofauti na wake kuhusu arudhi, walifuata mpangilio uleule katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Ni jambo la kustaajabisha kwamba wahakiki huzisoma sehemu hizi mbili kana kwamba zimeandikwa na watu wawili. Hunukuu sheria wanapofundisha arudhi, na hunukuu diwani wanapofundisha dhamira. Mpangilio wa vitabu unatuambia vingine. Unatuambia kwamba kanuni hufunzwa na tungo zenyewe, kama Chopin alivyofunza mkono wa kulia kwa wimbo.

Mfano wa kale zaidi ni takhmisa. Mshairi huchukua utungo wa mwenzake na kuuongezea mishororo hadi kila ubeti uwe na mitano. Katika Takhmisi ya Liyongo, Sayyid Abdallah bin Nasir alitanguliza mishororo mitatu mbele ya miwili inayonasibishwa na Fumo Liyongo. Mishororo hiyo mitatu lazima ifike mahali ambapo maneno ya mwingine yanasubiri, yakiwa na kina chake na fahari yake. Tatizo ni moja, nalo linarudi katika kila ubeti. Katika muziki, aliyefanya jambo la karibu na hilo ni Leopold Godowsky, aliyezichukua etudi za Chopin na kuziandikia etudi 53 juu yake, 22 kati yake zikiwa za mkono wa kushoto peke yake. Wote wawili walijifunza kwa bwana kwa kujifungia ndani ya nyumba yake. Ila kuna tofauti: Godowsky aliiacha kazi ya Chopin ilipo na kujenga nyingine pembeni, ilhali mtunzi wa takhmisa huwaketisha wawili katika ubeti mmoja, mkubwa akisema la mwisho.

Mipaka ya Ulinganishi

Haitakuwa haki kumaliza bila ya kuonyesha mahali ambapo ulinganishi huu unayumba. Etudi ya Ulaya inamchukulia mpigaji kuwa mtu mmoja, chumbani, na mlango umefungwa. Ugumu umo mikononi mwake na ushindi ni wake. Dhana hiyo haitufai kila mahali. Katika muziki wa amadinda wa Buganda, wapigaji watatu huketi kwenye marimba moja yenye vibao 12. Omunazi na omwawuzi hupiga kwa kupishana, kila mmoja akiziba nafasi za mwenzake, na omukoonezi huzirudia katika vibao viwili vya juu sauti fulani zinazotokana na kazi ya wawili hao. Sehemu ya mpigaji mmoja, ikisikilizwa peke yake, huenda kwa hatua zilizo sawa. Wimbo anaousikia msikilizaji haupigwi na mkono wa mtu yeyote. Huzaliwa katikati yao. Gerhard Kubik, aliyejifunza muziki huu kwa Evaristo Muyinda, aliliandikia suala hilo mwaka 1962. Ligeti alizisoma kazi za Kubik, akaziandama rekodi na uchambuzi wa Simha Arom kuhusu Afrika ya Kati, na kwa sehemu kutokana na masomo hayo aliuweka katika mikono miwili ya mtu mmoja mpishano ambao huku kwetu ni wa watu kadhaa. Hivyo etudi ya Ulaya, ilipotaka tatizo jipya, ilikuja kulichota Afrika. Naye J. H. Kwabena Nketia wa Ghana aliligeuza suala zima alipotoa vipande 12 vya piano vya kufundishia katika African Pianism mwaka 1994: hapa mwanafunzi anajifunza piano na wakati huohuo anaifunza piano kusema lugha yake.

Ushairi wa Kiswahili nao una upande huo wa ushirika. Malenga hujibizana, mmoja hutupa fumbo na mwingine hulipokea kwa vina vilevile. Ugumu haumo katika utungo mmoja bali katika kupokezana. Mhakiki anayeutenga utungo mmoja wa jibizano na kuuita zoezi ni sawa na anayemsikiliza omunazi peke yake na kulalamika kwamba haimbi.

Mpaka wa pili ni wa maadili ya sanaa. Utanzu unaotukuza ugumu una hatari ya kutukuza ugumu pasipo sababu. Wapo wapigaji ambao kwao etudi ni mbio, na wapo washairi ambao kwao kina kigumu ni nishani. Fasili yetu haiwatetei. Sifa ya tatu ipo kwa ajili yao.

Hitimisho

Tumeona kwamba étude ni neno lenye shauku katika mzizi wake, kwamba Bach na Scarlatti hawakuona aibu kuziita kazi zao mazoezi, na kwamba Chopin na Liszt waliondoa ukuta uliokuwa umejengwa kati ya chumba cha mazoezi na jukwaa. Imebaki kusema tutaiitaje kwa Kiswahili. Kwa muziki wa piano tunapendekeza etudi, kwa kuwa ni jina la utanzu mahususi, na zoezi libaki kwa kazi za aina ya Hanon. Kwa ushairi wetu tunapendekeza neno ambalo tunalo tayari: somo. Tunajua kwamba shule imelichakaza kwa kuligeuza kuwa kipindi katika ratiba. Lakini somo la pwani lina zaidi ya hayo. Somo ni rafiki wa siri, na ni yule mwanamke anayempokea mwari na kumfunza kunga. Anayefunzwa na somo hazoezwi tu. Anaingizwa katika jambo, kwa mapenzi, na mtu aliyekwisha kulipitia. Neno hilo limebeba mafunzo na shauku kwa pamoja, kama studium ilivyobeba.

Hatutarajii istilahi moja imfanye mhakiki kuwa msikivu. Itamlazimisha tu aulize swali kabla ya kuandika pambizoni: tatizo alilojiwekea mtunzi huyu, je, linasema kitu ambacho maneno yake yasingekisema bila hilo? Jibu likiwa la, aandike "zoezi" na asione haya. Jibu likiwa ndiyo, alifute neno "tu". Sisi tulilifuta tukiwa tumechelewa, na pambizo lile halipo tena mikononi mwetu.